Uwanja wa Kumtazamia Mkwe

Kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa nakwenda kumtazama mkwe wangu mgongo.

Nieleze vizuri, maana mtu asiye wa kwetu anaweza kucheka. Sisi ni Wasukuma. Tulihamia huku Mpanda na ng'ombe wetu zamani, mume wangu akiwa hai, na kwetu kijana aliyeoa binti yako hakutani na wewe uso kwa uso. Akikuona unakuja njiani anaingia kwenye majani mpaka upite. Wewe nawe unavuta kitenge unajifunika. Hampeani mkono, hamli pamoja, jina lake hulitaji na lako halitaji. Akiwa na neno la kukuambia anampa mtu mwingine akuletee, hata kama umekaa karibu na umesikia kila kitu. Siyo chuki. Ni heshima, na ukiizoea ina utamu wake. Siku hizi vijana wengi wameiacha, wanaingia ukweni wanakaa kwenye kochi wanamwuliza mama mkwe chaja iko wapi. Methusela, mume wa binti yangu Kabula, hakuwa hivyo. Mama yake alimfunza akafunzika.

Mwaka mmoja wa mvua kubwa bati la jikoni kwangu lilitoboka. Methusela akaja kuliziba, na siku hiyo nyumbani hapakuwa na mtu mwingine wa kupitishia maneno. Mimi nimo ndani nasonga ugali, yeye yuko juu ya paa. Mara nikamsikia anasema, "Wewe mbuzi, mwambie mama bati hili limeoza, halizibiki, nitaleta jingine." Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mpapai. Nami nikajibu kutoka ndani, "Mbuzi, mwambie mwenye ngazi ugali uko tayari, nauacha mlangoni, mimi naenda zangu kisimani." Nikamsikia anacheka huko juu. Nilicheka na mimi mpaka mwiko ukanitoka mkononi.

Basi huyo ndiye mkwe wangu.

Kazi yake ilikuwa ufundi. Mashine za kusaga, pampu, pikipiki, chochote chenye injini. Lakini roho yake ilikuwa kwenye ndege, si hizi za kupanda watu, zile ndogo za kuongozwa kwa rimoti ukiwa umesimama chini. Mwili wa ndege alikuwa anautengeneza kwa yale maboksi meupe mepesi ambayo samaki wanakuja nayo kutoka Kapalamsenga ziwani. Yakishavunjika, wauza samaki wa Majengo wanayatupa, yeye anayaokota. Kabula anayaosha kwa sabuni, anayaanika, anayarudia kwa majivu na ndimu, na bado nyumba nzima inanuka migebuka. Paka wa mtaa ule walikuwa wanampenda Methusela kuliko mtu yeyote.

Ndege yake kubwa ilikuwa ya rangi ya njano. Injini aliitoa kwenye mashine ya kufyekea nyasi iliyoharibika, na lile panga la mbele linalozunguka alilichonga mwenyewe kwa mti wa mninga, akalipiga msasa mpaka likateleza kama kijiko cha kulia. Ukilishika unaona ni kitu kizuri. Ukiliona linazunguka huoni kitu, unaona ukungu tu.

Walikuwa na klabu. Watu wenyewe wachache, na mwenyekiti wao ni mzee Ladislas wa Majengo, ambaye ujana wake wote alifanya kazi ya zimamoto kwenye viwanja vya ndege. Mzee huyu alikuwa haogopi moto, anaogopa uzembe. Serikali ya mtaa ilipowapa ule uwanja wa mnada wa zamani wa ng'ombe, siku ya kwanza vijana walitaka kurusha ndege papo hapo. Ladislas akakataa. Akawakatisha miiba, akawaambia wafukie mashimo, akafunga kamba ya katani kutoka nguzo hadi nguzo, akasimamisha mti mrefu na kuufunga mguu wa suruali kuukuu juu yake ili uonyeshe upepo unakovuma. Mwalimu Enoka, katibu wao, akaandika sheria kwenye bango la bati.

Sheria zenyewe nilizijua zote, maana Kabula alinisomea kila tulipokaa pale, na vitu vingine unavijua kwa kuviona. Kabla ya kuruka, mmoja anaishika ndege na mwingine anatembea na rimoti mpaka mbali, waone kama bado inasikia. Rimoti zao zilikuwa za mtumba, na mbili za namna moja zikiwashwa pamoja zinagombana na ndege inachanganyikiwa, kwa hiyo kulikuwa na vibanio vya nguo vyenye rangi. Ukiwa huna kibanio mkononi huwashi. Watazamaji wanakaa nyuma ya kamba. Rubani anasimama kwenye mstari wa chokaa, uso uwanjani, mgongo kwa watu, na ndege haipiti nyuma ya mstari huo hata iweje. Akiruka anapaza sauti, "Naruka!" Akitua, "Natua!" Injini ikimfia angani anasema, "Imezima!" na wenzake wote wanampisha. Na ile ya mwisho, Ladislas alikuwa anairudia kila Jumapili kwa kidole juu: ukimwona mtu kwenye njia ya ndege, mwite, mwite kwa jina lake, ndege iache ivunjike.

Enoka alikuwa anamtania. "Mzee, na asiye na jina?"

"Nitakuita wewe uende ukambatize," Ladislas anamjibu. "Hebu kaa nyuma ya mstari."

Sasa muone jinsi sheria zao zilivyopatana na za kwetu. Rubani amekupa mgongo. Hageuki, maana haruhusiwi kuondoa macho kwenye ndege. Basi mimi, mama mkwe, nilikuwa na ruhusa ya kukaa kwenye kigoda changu nyuma ya kamba na kumtazama mkwe wangu nipendavyo. Hakuna mahali pengine duniani nilipoweza. Nilijua bega lake la kushoto liko chini kidogo kuliko la kulia. Nilijua akipindisha ndege na mwili wake unapinda, kama mtu anayesukuma mlango. Ndege ikipanda sana, masikio yake yanasogea nyuma. Uso wake nilikuwa nimeuona siku ya harusi, kwa kupitia kitenge, na mara chache nyingine kwa bahati mbaya, haraka haraka. Lakini mgongo wake nadhani niliujua kuliko mama yake.

Watu wanapiga makofi, watoto wanakimbia na karanga, na mimi nimekaa. Nikawa nasema moyoni, binti yangu amepata mtu.

Ila nilikuwa na desturi ya kuondoka kabla hajamaliza. Ndege yake ya mwisho ikiwa bado angani nilikuwa nakunja kigoda changu na kwenda, ili akigeuka asinikute pale nikimkodolea macho. Yeye alijua. Kabula aliniambia kwamba zamu ya mwisho alikuwa anairefusha kwa makusudi, anazunguka na kuzunguka, ili mama apate muda wa kufika njiani.

Jumapili hiyo Kabula hakuja. Mtoto mdogo alikuwa na homa, akabaki naye. Nikaenda peke yangu.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Pale mlangoni, nyuma ya watazamaji, palikuwa na dimbwi zito la tope, watu wanavua viatu. Wakati wa kwenda nililivuka, lakini nilijua kurudi litanichafua gauni la kanisani. Kuna kinjia kingine kinapita ncha ya uwanja, mbali na kamba, kinatokea barabarani. Siku zote ndege zilikuwa zinatua kutokea upande wa pili, kwa hiyo ncha hiyo mimi niliihesabu ni salama. Ule mguu wa suruali niliuona. Ulikuwa umelala upande mmoja tangu tufike, halafu mawingu yalipoanza kusogea ukajipindua ukalala upande wa pili. Niliuona kwa macho yangu. Sikujua kwamba upepo ukigeuka na ndege zinageuka, zinatua kutokea huku. Marubani walijua, Ladislas aliwatangazia. Lakini mtu anayejiandaa kuondoka hasikilizi matangazo.

Methusela alikuwa na ile ya njano juu, zamu ya mwisho. Nikakunja kigoda changu nikaenda.

Nilikuwa nimefika katikati ya kinjia niliposikia mlio wa injini unakohoa, halafu hakuna mlio. Nikasikia sauti yake, "Imezima!" Sauti yake niliijua. Sikushtuka, neno hilo niliwahi kulisikia, ndege inashuka tu taratibu kama jani. Lakini nilitupa macho upande ule, na nikamwona Methusela amegeuka. Ameacha kutazama ndege. Ananitazama mimi, uso mzima, mdomo uko wazi.

Na mimi nikafanya ninachofanya siku zote mkwe wangu akinitazama. Nikasimama, nikainamisha kichwa, nikavuta kitenge nikajifunika uso.

Waliokuwepo ndio walioniambia mengine. Walisema Methusela alifungua mdomo na sauti haikutoka. Kisha akamgeukia Enoka aliyekuwa pembeni yake na kumwambia, "Mwambie mama alale chini! Enoka, mwambie mama!" Enoka anasema kwa muda kidogo hakuelewa anaambiwa nini, maana mtu uko naye uwanja mmoja, na wewe una sauti, kwa nini umtume mwingine? Alipoelewa akapiga kelele, "Bibi, lala chini!" Kelele hiyo niliisikia. Nikainua kichwa kidogo ndani ya kitenge.

Panga lilikuwa bado linazunguka kwa upepo wa kushuka. Jicho la kulia sikuwa nalo tena.

Sitasimulia ya hospitali. Tulianzia hapa mjini, tukapelekwa Mbeya, tukarudi. Madaktari walifanya walichoweza, na jicho la kushoto ni zima, naona kutunga uzi kwenye sindano nikikaa karibu na mlango. Kabula aliniambia kwamba siku zote nilizolazwa hapa mjini Methusela alikaa nje, chini ya dirisha la wodi, amechuchumaa ukutani. Manesi wakimwuliza wewe ni nani wa mgonjwa, anasema, "Nimeleta maji."

Niliporudi kutoka Mbeya alikuwa bado yuko nyumbani kwake na Kabula, ila siyo yule. Ndege zote alizichoma. Kabula alikuja kwangu akanieleza huku anachambua mchele, anatupa hata punje nzima.

"Mama, anakula ameelekea ukutani."

"Anakula?"

"Kidogo. Nikiingia anatoka. Nikilala upande huu anahamia ule. Nimemwuliza nimekosa nini, anasema hujakosa."

"Ni aibu hiyo," nikamwambia. "Amemjeruhi mama mkwe. Mpe muda."

Muda ulipita, na siku moja Kabula akaamka akakuta kisanduku cha vifaa hakipo. Mtu akasema amemwona kwenye basi la kwenda ziwani.

Nikamwita Ngolo, mdogo wa marehemu mume wangu, mzee wa ukoo aliyebaki. Ngolo hana maneno laini. Akakaa, akaomba maji, akasema, "Shemeji, jambo hili lina dawa. Mkwe akimjeruhi mama mkwe analeta kondoo, kondoo anachinjwa, wanakula pande mbili, kwisha. Tumtumie salamu."

Salamu zikaenda. Kondoo akaja, mzuri, mnono, ameletwa na dereva wa lori. Methusela hakuja. Ngolo akamzunguka yule kondoo, akamtazama meno, akasema, "Sasa huyu ndiye amemuoa Kabula?" Hatukumchinja.

Haukupita muda mzee Ladislas na Mwalimu Enoka wakaja kunipa pole nyingine. Walikuwa wameshakuja mara nyingi, lakini siku hiyo walikuwa wamevaa mashati ya kuchomekea na nikajua wana jambo. Ngolo naye alikuwepo.

"Mama Kabula," akaanza Ladislas, "tangu siku ile hatujarusha. Uwanja umeota majani. Vijana wananiuliza, nami nimesema bila neno lako hatufungui."

"Bango lenu," Ngolo akadakia, "liliandikwa na watu wasio na wakwe."

Enoka akainama. "Ni kweli, mzee. Niliandika amwite kwa jina. Sikufikiri kuna mtu ambaye jina lake huwezi kulitaja."

"Wewe mwalimu unafundisha watoto wa nani? Wa Kizungu?"

"Mzee Ngolo, mwache," nikasema.

Ladislas alikuwa anakizungusha kikombe cha chai bila kunywa. "Mimi ndiye wa kulaumiwa. Huko nilikofanya kazi, hatari ikitokea kuna king'ora. King'ora hakijui mkwe wala shangazi. Hapa nikategemea midomo ya watu." Akakiweka kikombe chini, akasema, "Tumenunua honi. Ile ya kubonyeza, ya gari kubwa. Atakayeona mtu njiani ataibonyeza, na mtazamaji akisikia honi analala chini, awe amefunikwa awe hakufunikwa. Na kile kinjia tumekiziba kwa miiba. Na hakuna mtu kuondoka nyuma ya kamba wakati ndege iko juu."

Nilifikiri sana. Nikawaza hiyo sheria ya mwisho. Kama ingekuwepo, ningelazimika kukaa mpaka ashushe ndege, ageuke, anikute. Tungeonana Jumapili nyingi mno, na labda tungezoea.

"Rusheni," nikawaambia. "Ila mimi sitakuja kutazama."

"Hatukukuomba uje, mama."

"Najua. Mkwe wangu amesemaje?"

Wakatazamana. Enoka akasema, "Tunapiga simu, hapokei. Nilimtumia ujumbe kuhusu honi. Ameusoma."

Kabula alikuwa mlangoni na sinia. Akarudi jikoni bila kuliweka mezani.

Nikaamua kwenda ziwani mwenyewe. Kukosa jicho ningeweza kuvumilia, nimeshazeeka, vya kutazama nimetazama. Lakini binti yangu kuachwa akiwa na watoto wawili kwa ajili ya ndege ya maboksi ya samaki, hilo nilikataa. Nikangoja mvua zipungue, maana barabara ya kule magari yanalala njiani. Nikapanda basi alfajiri, tukapita Sibwesa watu wanapalilia mahindi, na mimi nimekaa upande wa dirisha nimefunika jicho kwa kitambaa, najifunza kulitamka jina lake kimoyomoyo, maana mdomo wangu haukulizoea.

Kapalamsenga siyo pa kumtafuta mtu siku nzima. Nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa anageuza dagaa mchangani kuhusu fundi wa injini aliyetoka Mpanda, akanionyesha kibanda cha mabati cha Pontien. Pontien ni mwenye mitumbwi, mtu wa asili ya Burundi, mnene, ana kicheko.

"Karibu, mama. Una injini?"

"Nina mkwe."

Kicheko kikaisha. Akanitazama lile jicho, akaelewa. Nyuma yake, kwenye meza iliyojaa grisi, mtu aliyekuwa anafungua nati akasimama na kugeukia bati. Lile bega la kushoto.

"Pontien," akasema Methusela akiwa amegeuka vilevile, "mwambie mama apumzike kivulini, nitamtafutia soda."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia. Mwambie sikufuata soda. Mwambie watoto wanamwuliza."

"Fundi, anasema watoto..."

"Mwambie najua."

Pontien akatazama huku, akatazama kule. "Jamani, nyie mmenigeuza simu? Ongeeni tu, mimi nina samaki wangu wanaoza." Akatoka.

Tukabaki wawili. Hapakuwa na wa kumtuma. Nikaondoa kitenge kichwani nikakiweka begani.

"Methusela," nikamwita.

Alishtuka kama amechomwa. Akageuka polepole, na akanitazama, na mimi nikamtazama. Basi huo ndio uso wake. Paji pana, kovu dogo kwenye nyusi ambalo Kabula hakuwahi kuniambia, kidevu kimeingia mvi ambazo si za umri wake. Uso mzuri. Amekonda.

"Mama," akasema, "shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kukuambia nimepona, na sina neno na wewe. Ungeniita nisingesikia vizuri, na ungenifuata usingefika. Ni injini ilizima. Rudi nyumbani kwako."

Akatikisa kichwa.

"Unaniogopa mimi? Nitahama. Ngolo ana shamba mbali, nitakaa huko. Hutaniona."

"Siyo wewe, mama." Akafuta mikono kwenye suruali, akafuta tena, na haikuwa na kitu. "Kabula ana uso wako."

Sikuelewa.

"Sikuwa najua," akasema. "Miaka yote sikuwahi kukutazama, ningejuaje? Watu walikuwa wanasema Kabula ni mama yake mtupu, nikawa naitikia tu. Siku ile nilikukimbilia, nikakitoa kile kitenge. Ndiyo mara ya kwanza kukuona. Kina damu, na ndani yake yuko mke wangu. Nikirudi nyumbani jioni, uso uleule unanipakulia chakula. Akiinama kupuliza moto, namwona. Akilala, namwona. Nikadhani itaisha. Haiishi, mama. Akinitabasamia ndiyo mbaya zaidi."

Nilikaa kwenye kreti. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi ya kumjibu mtu mwenye aibu. Huyu alikuwa na jingine. Huwezi kumwambia mtu asimwone anayemwona.

"Labda baada ya muda," nikasema.

"Labda. Matumizi nitatuma. Watoto wakifunga shule waje, niwaone." Akageuza macho ziwani. "Na umwambie Kabula, akipata mtu mwingine, sitamzuia."

"Hilo silipeleki."

"Mama..."

"Tangu umemuoa napokea maneno yako kwa watu wengine, hata kwa mbuzi. Nimeyapokea yote. Hilo kama unalo, lipeleke mwenyewe, umtazame."

Akalia. Alilia kama wanaume wanavyolia, bila sauti, mabega tu. Nilitaka kumshika. Sikujua kama inaruhusiwa, na wa kumwuliza hayupo. Nikakaa tu kwenye kreti mpaka akanyamaza, akanifungia migebuka mikavu kwenye gazeti, akanisindikiza mpaka basi linaposimama, tukiwa tumefuatana, watu wakitutazama kama mama na mwanawe. Hakupanda.

Kabula alinipokea stendi ya Mpanda. Alitazama nyuma yangu mpaka abiria wa mwisho akashuka. Kisha akanipokea mzigo.

Nyumbani nilimwambia yote isipokuwa lile neno moja. Niliona mtu akiachwa ana haki ya kujua kwa nini. Alisikiliza akiwa anabandua ngozi ya migebuka kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, hali.

"Amekonda?" akauliza.

"Amekonda. Ana mvi kidevuni."

"Mvi hakuwa nazo." Akavuta mgebuka mwingine. "Kwa hiyo ningefanana na baba, angekuwepo."

"Labda."

"Lakini mama, baba alikuwa na sura mbaya."

"Wee! Baba yako alikuwa mzuri!"

"Masikio yale?"

Nikacheka, sikutaka. Na yeye akacheka, akaniegemea, akacheka mpaka kicheko kikavunjika katikati na nikausikia mwili wake unatetemeka kifuani kwangu. Watoto walisikia wakatoka ndani mbio, wakauliza kama baba amekuja.

Kabula akajipangusa kwa kiganja. Akawaambia wakanawe mikono, kuna samaki.